Herufi I na U: Haki na Kisomo cha Watoto katika Gitega na Muyinga

Mwalimu wa kisomo, awe anafundisha kwa Kiswahili au kwa Kirundi, huanza na irabu tano: a, e, i, o, u. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja, na mtoto aliyekwisha kuzifahamu irabu hizo katika moja hana kazi kubwa ya kuzijifunza tena katika nyingine. Lakini nchini Burundi irabu mbili kati ya hizo, i na u, zilipewa kazi ya pili ambayo haimo katika kitabu chochote cha sarufi. Katika miaka ya utawala wa Kanali Jean-Baptiste Bagaza, ulioanza Novemba 1976 na kukoma Septemba 1987, walimu na wazazi wengi walisimulia kwamba wanafunzi wa darasa la sita waliofanya mtihani wa taifa walitiliwa alama ya siri: i kwa mtoto wa Kitutsi, u kwa mtoto wa Kihutu. Herufi ya kwanza kufundishwa ikawa pia herufi ya kumfungia mtoto mlango wa sekondari.

Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa kadiri nafasi ya jarida letu inavyoruhusu, jinsi kisomo cha watoto na haki baina ya Wahutu, Watutsi na Watwa vilivyofungamana katika historia ya Burundi, na jinsi vyama vya wananchi wenyewe vilivyojaribu kulifungua fundo hilo. Tutaangalia hasa sehemu mbili. Ya kwanza ni Gitega, mji wa katikati ya nchi, uliorudishiwa heshima ya makao makuu ya kisiasa mnamo Januari 2019. Ya pili ni Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki ulio jirani na mpaka wa Tanzania, ambao mkoa wake wa zamani uliunganishwa mwaka 2025 na mikoa ya Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa mmoja wa Buhumuza.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuseme neno moja juu ya istilahi, kwa kuwa sisi walimu wa lugha ndio tunaolaumiwa istilahi zinapopotosha. Tumezoea kusema "ubaguzi wa rangi" tunapozungumzia Afrika Kusini ya zamani au Marekani. Je, tuseme nini juu ya Burundi, ambako mbaguzi na mbaguliwa wana rangi moja, wanasema lugha moja, wanaishi juu ya vilima vile vile, na tangu zamani walimwabudu Imana yule yule na kumtii mwami mmoja? Waandishi wengi wa Kiswahili hutumia neno "kabila". Hilo nalo halifai sana, kwa sababu kabila kwa desturi yetu lina lugha yake na nchi yake. Warundi wenyewe hutumia neno ubwoko, ambalo maana yake ni pana: laweza kuwa ukoo, laweza kuwa aina ya kitu. Wazungu walipofika walilitia neno hilo maana ya tatu, yaani mbari ya watu waliotofautiana kwa damu na kwa akili. Maana hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta maafa. Nasi katika makala haya tutasema "ubaguzi" tu, tukitumaini kwamba msomaji ameelewa ni upi.

Herufi za kwanza ziliingia Burundi pamoja na misheni. Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera, katika nchi ya Gitega, mwaka 1899. Rugari, upande wa Muyinga, ilifuata mwaka 1909. Katika misheni hizo watoto walifundishwa kusoma kwa ajili ya katekisimu, na lugha iliyotumika ilikuwa Kirundi. Kwa hili tunawapa sifa wanayostahili. Mmoja wao, padri Mholanzi J.M.M. van der Burgt, alichapisha mwaka 1903 kamusi kubwa ya Kifaransa na Kirundi. Ni kazi ya subira, na mtu yeyote aliyewahi kukusanya maneno ya lugha akitembea kwa miguu ataiheshimu. Lakini katika jalada hilo hilo aliweka utangulizi na makala 196 juu ya nchi na watu wake, na humo yamo yale mawazo ya Wazungu wa zama zake kuhusu mbari: kwamba wapo waliozaliwa kutawala na wapo waliozaliwa kutawaliwa. Hivi basi, kitabu kilichokiandika Kirundi kwa herufi ndicho pia kilichosaidia kumwandika Mrundi katika daftari la mbari. Tunapowapa wanafunzi wetu historia ya kamusi za Kibantu, jambo hili lisirukwe.

Kiswahili nacho kilikuwapo. Wajerumani, ambao Burundi ilikuwa sehemu ya koloni lao la Afrika Mashariki, walikitumia katika ofisi na jeshini kama walivyokitumia Tanga na Dar es Salaam, na walipojenga boma la Gitega mwaka 1912 Kiswahili kilipanda vilima pamoja na askari, makarani na wafanyabiashara. Wamisionari hawakukipenda, kwa kuwa walikiona ni lugha ya Uislamu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ilitiwa mikononi mwa Wabelgiji, na hao walikielekea Kifaransa. Waswahili wa miji ya biashara, wale wa Buyenzi mjini Bujumbura na wenzao wa Gitega na Muyinga, wakabaki pembeni: hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi, wala lugha yao haikuhesabiwa kuwa ya shule. Pengine kutohesabiwa huko kuliwaokoa wengi wao katika miaka iliyofuata, lakini hiyo ni habari ya makala mengine.

Wabelgiji ndio walioligeuza wazo la mbari kuwa mpango wa serikali. Walipopanga upya utawala wa machifu, waliwaondoa Wahutu hatua kwa hatua. Mwaka 1929 machifu wa Kihutu walikuwa kama mmoja kati ya kila watano. Kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Na kwa kuwa chifu wa namna mpya alitakiwa kujua kusoma na kuandika, shule nazo zikafuata mkondo ule ule. Shule kubwa ya Astrida, ambayo leo mji wake unaitwa Huye nchini Rwanda, ilifunguliwa mwaka 1932 chini ya Mabruda wa Upendo ili kuwafunza makarani na wasaidizi wa serikali wa Ruanda-Urundi nzima. Walioingia humo walikuwa kwa sehemu kubwa wana wa Watutsi na wa ukoo wa kifalme, yaani Baganwa. Mtoto wa Kihutu aliyetaka kusonga mbele aliona seminari ndiyo njia iliyobaki. Mtoto wa Kitwa hakuwa na njia yoyote.

Sasa tufike mwaka 1972, na hapa lazima tutue.

Mnamo tarehe 29 Aprili 1972 kulitokea uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, Rumonge na Nyanza-Lac, ambamo Watutsi wengi waliuawa. Usiku huo huo Ntare wa Tano, mfalme wa mwisho, aliyekuwa amezuiliwa Gitega, aliuawa. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa mauaji yaliyoenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Makadirio ya waliokufa hutofautiana kati ya 100,000 na 300,000. Lakini jambo linalotuhusu sisi walimu ni namna walivyochaguliwa. Walichukuliwa waliosoma. Waliitwa walimu, makarani, wauguzi, makatekista, wanafunzi wa chuo kikuu, na hata wanafunzi wa sekondari waliotolewa madarasani kwa kusomwa majina kutoka orodha. Warundi waliyaita maafa hayo ikiza. Katika Shule ya Ualimu ya Gitega alikuwamo kijana mmoja aliyeitwa Melchior Ndadaye. Alikimbilia Rwanda, akamaliza masomo huko na kuwa mwalimu. Miaka 21 baadaye akawa rais wa kwanza wa Burundi aliyechaguliwa kwa kura za vyama vingi.

Wenzake wengi hawakukimbia. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, katika mkoa wa Karusi wa wakati huo, ulio njiani kati ya Gitega na Muyinga. Mabaki ya watu 6,032 yalitolewa. Baadhi ya marehemu walitambuliwa kwa nguo, kwa rozari, na kwa miwani. Tunaomba msomaji aifikirie hiyo miwani. Katika kijiji cha Burundi ya 1972, mwenye miwani alikuwa ni nani kama si mwalimu au karani?

Tangu hapo, kwa mzazi wa Kihutu, kisomo kikawa kitu cha kutisha. Kumpeleka mwana shule kulikuwa kama kumwandikisha katika orodha ya siku nyingine. Wapo waliosema wazi kwamba ni heri mtoto alime mihogo na kuishi kuliko asome na kufa. Mtaalamu wa takwimu akiziangalia sekondari za miaka ile ataona uchache wa Wahutu na huenda akasema hawakupenda elimu. Walimu tusikubali maelezo ya namna hiyo.

Watoto wa vilimani, hata hivyo, hawakukosa herufi kabisa. Kulikuwa na madarasa ya Kanisa Katoliki yaliyojulikana kwa jina la Yaga Mukama, maana yake "Nena, Bwana". Mtoto ambaye hakupata nafasi katika shule ya serikali alihudhuria siku chache kwa juma, akajifunza kusoma na kuandika Kirundi pamoja na dini, mara nyingi chini ya mti au katika kanisa la kilima, kwa katekista asiye na cheti. Hatusemi kwamba yalikuwa madarasa mazuri. Yalikuwa ya kimaskini, na hayakumpeleka mtoto mbele. Lakini yalikuwa karibu na nyumbani, hayakuwa na mtihani, na hayakumwuliza mtoto yeye ni nani. Serikali ya Bagaza, iliyokuwa katika ugomvi mkubwa na Kanisa, iliyapiga marufuku mwaka 1986. Hivyo katika kipindi kile kile ambapo i na u zilisemekana kuchuja watoto kwenye mlango wa sekondari, mlango mdogo wa nyuma uliowaingiza maskini katika kisomo nao ulifungwa.

Kuhusu hizo herufi mbili, yapo mambo yanayostahili kusemwa kwa uangalifu. Wapo waliozikana. Lakini watafiti waliozunguka Burundi miaka ya 1990 waliyapata masimulizi hayo kwa watu wengi, na usawa wa elimu ulionekana kuwa jambo la amani yenyewe. Tena ukosefu wa haki haukuwa wa ubwoko peke yake, bali ulikuwa pia wa mikoa. Watawala watatu wa kijeshi, Micombero, Bagaza na Buyoya, wote walitoka Bururi, na Bururi ilijaa sekondari. Muyinga, iliyo mbali na jicho la wakubwa, ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoachwa nyuma kabisa. Mtoto wa Kitutsi wa kilima cha Muyinga naye aliachwa humo pamoja na jirani yake Mhutu.

Baada ya mauaji ya Ntega na Marangara ya Agosti 1988, serikali ya Buyoya iliunda tume ya umoja wa taifa, na Hati ya Umoja ikapigiwa kura mwaka 1991. Uchaguzi ukafanyika Juni 1993, Ndadaye akashinda. Tarehe 21 Oktoba 1993 aliuawa na askari wa jeshi lililokuwa la Watutsi. Siku hiyo hiyo, Kibimba katika mkoa wa Gitega, wanafunzi wa Kitutsi wa sekondari walikamatwa, wakafungiwa ndani ya jengo la kituo cha mafuta, wakachomwa moto. Waliokufa walikuwa wapatao 70. Mkuu wa shule alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa kwa mauaji hayo, akanyongwa mwaka 1997. Mnara wa kumbukumbu upo mahali hapo kando ya barabara, nao una maneno ya Kifaransa yasemayo kwamba jambo hili lisitokee tena kamwe.

Kibimba haikuwa shule ya vivi hivi. Misheni yake ilianzishwa mwaka 1934 na Kanisa la Marafiki, wale ambao Waingereza huwaita Quaker, mahali palipoachwa na Walutheri wa Kijerumani tangu Vita Kuu. Mwanzilishi wake, Arthur Chilson, alikuwa mmoja wa walioanzisha Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Ni madhehebu yanayokataa vita kabisa. Na juu ya ardhi yao wanafunzi walichomwa moto, na mkuu wao akiwa miongoni mwa watuhumiwa. Hali ilikuwa vivyo hivyo Kwibuka, misheni nyingine ya Marafiki hapo Gitega, ila huko waliouawa na askari ni wanafunzi wa uchungaji. Mwalimu wao, David Niyonzima, alinusurika, na baadaye akaanzisha shirika la kuwatibu watu walioumizwa nafsi na vita.

Mwaka 1994 Kibimba ilikuwa imegawanyika sehemu mbili. Watutsi walikaa kambini wakilindwa na wanajeshi. Wahutu walikaa vilimani na waliogopa kushuka. Hapo ndipo baadhi ya waumini wa Marafiki walipoanzisha kamati ya amani iliyowakutanisha watu wa kambini, watu wa vilimani na askari. Nasi tunavutiwa na jambo walilolishughulikia mapema. Badala ya kuanza na mahakama au hotuba, walitaka shule ya msingi ifunguliwe. Kwa mtu wa mbali hili laweza kuonekana dogo. Lakini fikiri: mzazi wa Kihutu alitakiwa amwache mtoto wake apite mbele ya askari mpaka darasani, mzazi wa Kitutsi alitakiwa amkabidhi wake kwa mwalimu wa Kihutu, mahali ambapo mwaka uliotangulia wanafunzi waliteketezwa. Hapakuwa na sheria iliyoweza kuwalazimisha. Kilichowezekana ni watu wanaofahamiana kwenda nyumba kwa nyumba, kupanga nani atamsindikiza nani, na kucheza mpira pamoja siku za mapumziko mpaka hofu ipungue. Shule ikafunguliwa, na hospitali ikafuata.

Kutokana na jitihada hizo, mwaka 1996 lilizaliwa mjini Gitega shirika la MI-PAREC, ambalo jina lake kwa Kifaransa lina maana ya Huduma ya Amani na Upatanisho chini ya Msalaba. Lilieneza kamati za amani za namna ya Kibimba katika sehemu nyingi za nchi. Aidha, mtaani Magarama, hapo hapo Gitega, Marafiki waliendesha shule ya msingi ya amani, ambamo masomo ya kutatua ugomvi yaliwekwa kando ya kusoma, kuandika na hesabu. Wapo watakaosema kwamba huko ni kupoteza vipindi. Sisi tunaona vipindi vilivyopotea Burundi vilipotea kwa sababu nyingine.

Mkataba wa Arusha, uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 chini ya usuluhishi wa Nelson Mandela baada ya Mwalimu Nyerere kufariki Oktoba 1999, uliyachukua mambo haya na kuyatia katika maandishi. Watu huukumbuka kwa mgawanyo wa madaraka: asilimia 60 ya serikali na Bunge kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, kama Katiba ya 2005 ilivyokuja kuweka. Wachache hukumbuka kwamba itifaki yake ya kwanza inataka majengo ya shule, vifaa na vitabu vigawanywe kwa haki katika nchi nzima, mitihani iwe ya wazi na ya uadilifu, na elimu ya msingi iwe ya lazima. Kwa maneno mengine, wale waliokaa mezani Arusha kusimamisha vita walilazimika kujadili mtihani wa darasa la sita. Katika mikataba ya amani ya dunia, tunadhani si mingi iliyofika kwenye dawati la mtoto kwa namna hiyo.

Mwaka 2005 ada ya shule za msingi ilifutwa, na watoto wakamiminika. Madarasa ya watoto zaidi ya mia moja yakawa jambo la kawaida. Haki ya kuingia shuleni ilipatikana. Haki ya kushika kitabu ilibaki nyuma, kwa maana kitabu kimoja kilisomwa na watoto wengi, na baada ya masomo hapakuwa na mahali popote pa kukipata kingine.

Hapa ndipo Muyinga inapoingia katika habari yetu. Shirika la wenyeji liitwalo ODEDIM, likishirikiana na wasanifu majengo vijana wa Brussels wa kundi liitwalo BC, lilikamilisha mwaka 2012 maktaba ya watoto. Iliwekwa kuwa sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa kuwapokea watoto viziwi pamoja na wenzao wanaosikia. Ukubwa wake ni mita za mraba 140, yaani si nyingi, na imepata sifa katika majarida ya ujenzi ya Ulaya kuliko ilivyopata katika magazeti yetu.

Tumefurahi kusoma namna ilivyojengwa. Kuta ni za matofali ya udongo wa hapo hapo, yasiyochomwa, yaliyoshindiliwa kwa mashine mbili za mkono zilizokutwa zimelala vumbini kwa miaka mingi. Paa lina mbao za mkaratusi na vigae vilivyofinyangwa na kuchomwa na mafundi wa sehemu hiyo, nalo limetokeza nje kwa upana ili mvua isiyale matofali. Matundu yaliyoachwa kwa mpangilio ukutani hupitisha hewa. Mbele kuna baraza ndefu, kwa kuwa wajenzi waliona kwamba katika nyumba za Kirundi maisha ya jirani na jirani hufanyika barazani. Na ndani, juu ya sehemu ya watoto, umetandazwa wavu mkubwa wa kamba za katani, uliosukwa kwa mikono, ambamo watoto hupanda na kulala wakisoma. Mtoto mwenye kitabu, amelala wavuni! Tulipofundishwa sisi, kusoma ilikuwa ni kukaa wima juu ya benchi na kumwogopa mwenye fimbo.

Mwasomaji wa haraka atauliza uziwi unahusianaje na ubaguzi wa Wahutu na Watutsi. Unahusiana kwa karibu. Mtoto kiziwi katika mila zetu nyingi alifichwa ndani, na mwalimu alipogawa vitabu vichache alimruka. Ni ule ule mchujo, ila alama yake haiandikwi pembeni mwa karatasi. Maktaba ya Muyinga imeanza na aliye wa mwisho katika foleni, kisha ikawafungulia wengine mlango. Katika mkoa uliorukwa na serikali zilizopita kwa miaka mingi, hilo ni jambo la historia.

Aliye nyuma zaidi ya wote ni Mtwa. Watwa ni takriban asilimia moja ya Warundi. Wengi walikuwa wafinyanzi wa vyungu, hawakuwa na ardhi, na hata kula nao chombo kimoja kulikataliwa na majirani zao wa pande zote mbili. Katika ubaguzi huo, tuseme bila kuficha, Mhutu na Mtutsi walikuwa na sauti moja. Shirika la UNIPROBA, ambalo miongoni mwa waanzilishi wake ni Libérate Nicayenzi, mwanamke wa Kitwa aliyepata kuwa mbunge, limejishughulisha na kuwapatia watoto hao daftari, sare na vyeti vya kuzaliwa. Cheti ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Ndoa za Watwa nyingi hazikuandikishwa, mtoto asiyeandikwa hakufaidi shule ya bure, na asiyesoma hakujua kwamba anatakiwa kujiandikisha. Katiba ya 2005 iliwapa Watwa viti 3 katika Bunge na 3 katika Seneti.

Mjadala wa kuhesabu haukuisha. Mwishoni mwa Septemba 2018 serikali ilitangaza kusimamisha mashirika ya kigeni mpaka yaonyeshe kwamba watumishi wao wamegawanywa kwa asilimia 60 na 40. Hoja yake ilikuwa ni haki: waliokosa shule zamani wamekosa pia kazi katika mashirika hayo, na asiyehesabu hawezi kusahihisha. Hoja hiyo ina uzito, na historia tuliyoieleza inaiunga mkono. Lakini shirika la Handicap International, linalowahudumia walemavu, lilikataa kumwandika kila mtumishi ubwoko wake, likafunga ofisi zake nchini mwaka 2019. Aliyeona orodha za 1972 na kusikia habari za i na u atawaelewa. Kwetu sisi, kuhesabu shule za Muyinga na za Bururi ni kazi ya lazima. Kumwandika mtu mmoja mmoja ni hatari ambayo Burundi imekwisha kuilipia.

Tumalizie na lugha yetu. Wakimbizi wa 1972 waliopewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo waliwasomesha watoto wao katika shule za Tanzania, kwa Kiswahili. Takriban 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Zaidi ya 50,000 walichagua kurudi kati ya 2008 na 2010. Watoto wao waliingia madarasani Burundi wakijua kusoma vizuri, lakini Kifaransa hawakijui, na baadhi walirudishwa kukaa na wadogo zao. Safari hii i na u hazikuhitajika. Lugha ya kufundishia ilitosha kuwachuja. Ni kweli kwamba tangu mageuzi ya mitaala ya katikati ya miaka ya 2000, kabla ya Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, Kiswahili na Kiingereza vimefundishwa pamoja na Kirundi na Kifaransa katika shule za msingi. Lakini walimu wengi walipewa somo la Kiswahili bila kufunzwa Kiswahili. Huko Muyinga, karibu na kituo cha mpakani cha Kobero, hutokea mwanafunzi aliyezaliwa au kukulia upande wa pili akawa anaisema lugha hiyo kuliko mwalimu aliyesimama mbele yake, na mwalimu mwenye busara humwita ubaoni, amsaidie kuwasomea wenzake.